Maji ya Betri Mliyoyaita Gongo

Msiniitikie kwanza. Mchungaji amenipa dakika kumi na tano, amesema nieleze jinsi Mungu alivyonitoa mbali. Nitaeleza. Lakini sehemu ya umbali huo mlinisukuma nyinyi mliokaa hapa mbele, na hilo nalo nitalisema. Jina la mtu sitataja. Atakayejisikia vibaya kwenye benchi lake atulie tu, tutamaliza.

Wengi mnanijua. Kwa wageni: mimi ni mzaliwa wa Ipelele kule Makete, niliolewa hapa Mjimwema, mume wangu akafariki, nikabaki na mabinti wawili na kazi ya kutengeneza togwa ya ulezi. Nilikuwa naipeleka Makambako, pale malori yanapoegesha, madereva wanakunywa wakisubiri kupakia mbao. Na nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya hii hii.

Togwa yangu ilikuwa na ugonjwa. Leo tamu, kesho chachu ya kukunja uso. Dereva mmoja aliimwaga mbele yangu akasema, "Mama, hii umetengenezea maji ya kuoshea vyombo?" Niliporudi nyumbani nikilalamika, binti yangu mkubwa akanionyesha kwenye simu vipindi vya kusikiliza, wanaita podikasti. Kulikuwa na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanapika bia na wanzuki, ile pombe ya asali, nyumbani kwao kwa kujifurahisha tu, hawauzi. Wanabishana, wanacheka, wanaeleza walipoharibu. Mimi pombe sinywi. Lakini kuchacha ni kuchacha, ndugu zangu, iwe bia iwe togwa. Nikawa nawasikiliza nikichuja, nikipalilia viazi, hata nikipiga pasi.

Vipindi vinne vizima walizungumzia maji tu. Walisema mpishi anahangaika na nafaka na moto, anasahau kwamba kilichojaa ndani ya sufuria ni maji, na maji yanabeba chokaa, chumvi na dawa ya bomba. Yule mwanamke akaeleza namna ya kupata maji matupu kabisa: unachemsha, mvuke unapita kwenye mrija uliopozwa, unadondoka upande wa pili, na uchafu wote unabaki kwenye sufuria. Kisha unapika mara mbili, kwa maji hayo na kwa maji ya bomba, unalinganisha. Nikasema hili naliweza. Nikapata mrija wa shaba kwa fundi wa friji, nikatoboa mfuniko wa sufuria, nikaupitisha mrija kwenye ndoo ya maji baridi. Tone la kwanza lilipodondoka nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Ndipo akaingia mgeni, mama mmoja wa umoja wetu wa wanawake, amekuja kuazima ungo. Akaona sufuria, akaona mrija, akaona matone. Wala hakuuliza. Alichukua ungo akaaga vizuri kabisa: "Haya mama, ubaki salama." Jumapili iliyofuata nilikuwa mpika gongo, maana pombe hiyo haramu nayo hupikwa kwa mrija hivyo hivyo.

Nawaambia, hakuna hata mmoja aliyeniita kuniuliza. Kiongozi wa kwaya alinisubiri nje akasema, "Dada, pumzika kwanza kuimba, watu wanasema." Nikamjibu, "Ni maji. Twende nyumbani sasa hivi ukanywe." Akaangalia viatu vyake. Wiki hiyo mtendaji wa mtaa akaja na mgambo. Walipiga teke sufuria, wakakunja mrija wangu kwa goti, wakamwaga maji yote chini. Na pale chini hapakunuka kitu, na nyinyi majirani mlikuwa mmejaa uani mnaona wenyewe kwamba hapanuki kitu. Mkacheka. Nilikalishwa ofisi ya mtaa kutwa nzima, mabinti zangu wakiwa nje ya dirisha. Na Makambako habari ilifika kabla ya togwa. Nilirudi na ndoo zimejaa kama nilivyoondoka nazo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu, na sitaki mtu anipunguzie.

Alikuja mfanyabiashara mmoja. Akaniambia, "Mama, jina umeshapewa. Unalibeba bure kwa nini?" Nilipaswa kumfukuza. Lakini nilikuwa na hasira nanyi, hasira ya kushindwa kula. Nikatafuta mrija mwingine. Wale wa podikasti walishakataza kabisa, walisema pombe kali usithubutu nyumbani, ni hatari na ni kosa la jinai. Niliwasikia kwa masikio yangu. Nikapika gongo. Mara tatu. Na kati ya wanaume waliokuja kuichukua kwa mlango wa nyuma, wawili ni waume wa akina mama walioacha kunisalimia. Msigeuke kutazamana. Nimesema sitataja.

Nina mdogo wangu wa kiume, mtu mzima, ana mke na watoto kule Ipelele. Alikuwa mlevi, akaacha, miaka mitano hajagusa kitu. Habari zangu zilipofika huko aligombana na watu, akiwaambia dada yangu anatengeneza maji. Siku moja akaja kuniona, nami nilikuwa sokoni. Akakuta galoni jikoni, akajimiminia kikombe kimejaa, akidhani ndiyo yale maji aliyoyatetea. Niliporudi nilimkuta kwenye kigoda, kikombe mkononi, macho mekundu.

"Dada," akasema, "nilimpiga mtu ngumi kwa ajili ya haya maji."

Nikanyoosha mkono nichukue kikombe, akakivuta kwake. Akakimaliza huku ananitazama, akachukua galoni, akaondoka nayo.

Siku nne sikujua aliko. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi yetu ya mwezi wa sita mnaijua, asubuhi majani yote yana barafu. Nilimtafuta stendi, nikamtafuta hospitali. Kwenu sikuja. Mngeanza kwa kuniuliza amekunywa nini. Siku ya tano nikapigiwa simu kutoka Makambako. Fundi mmoja wa betri za malori alimkuta asubuhi amelala mtaroni, miguu imekufa ganzi. Akambeba hadi karakana, akampeleka hospitali, akakaa naye. Hakuwa anamjua, na wala hakumuuliza anasali wapi. Vidole viwili vya mguu ilibidi vikatwe.

Nilipiga magoti kando ya kile kitanda. Nikasema, "Niliipika mimi."

Mdogo wangu akajibu, "Najua. Nilikuwa nangoja useme."

Hapo ndipo nilipogeuka, ndugu zangu, wala si kwa mahubiri yoyote. Nilirudi nyumbani nikamwaga yote iliyobaki, mchana kweupe, kisha nikaenda kwa mtendaji kwa miguu yangu nikamwambia nilichofanya. Nilifikishwa mahakamani, nikapewa adhabu ya kutumikia jamii. Miezi sita nilifagia zahanati. Baadhi yenu mlipokuja na watoto mliwavuta upande wa pili.

Nilipomaliza nilikwenda Makambako kumshukuru yule fundi. Nikamkuta amefura, ameuziwa maji ya betri, yanayotakiwa yawe matupu kabisa, kumbe ni ya bomba yamewekwa kwenye chupa, na betri za mteja zimekufa. Nikamweleza habari ya mvuke na mrija, kama nilivyosikia kwenye simu. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

"Niletee galoni moja," akasema. "Nitapima mwenyewe. Ikiwa mbovu nitakwambia."

Nikampelekea. Akatumbukiza kipimo chake, akasoma, akakifuta, akatumbukiza tena. "Lete nyingine," akasema.

Safari hii sikupikia jikoni. Niliweka jiko uani, kando ya njia, kila mtu aone. Mtendaji akaja na mgambo wale wale. Nikamchotea kikombe. "Kunywa."

Akanusa. Akanywa kidogo. "Mbona hayana ladha hata ya maji?"

"Ndiyo hayo sasa," nikamwambia. Akacheka bila kutaka, akanielekeza pa kwenda kusajili biashara.

Leo fundi huyo na wenzake watatu wanachukua maji kwangu, na malori yanayopita kwenda Zambia yanaondoka nayo kwenye betri. Mdogo wangu anapasua kuni na kulinda moto. Anachechemea, lakini hanywi. Na ile togwa? Niligundua baadaye kwamba shida haikuwa maji. Ilikuwa mfuniko wa ndoo, pale kwenye mpira wake, nilikuwa sisugui vizuri. Yote haya, jamani, na ilikuwa mfuniko!

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule fundi, ambaye si wa usharika huu. Nawashukuru wale wawili wa kwenye simu, wasionijua hata jina. Mabinti zangu, ahsanteni kwa kutonionea aibu. Wewe mdogo wangu uliyesimama pale mlangoni, wewe nitakushukuru nyumbani.

Mlitaka mwisho niseme fundisho. Ukiona mvuke kwa jirani, ingia unuse, uulize, unywe ukipewa. Na wewe uliyesingiziwa, hasira yako ni halali, lakini iangalie inaelekea kwa nani. Yangu nilidhani inawaendea nyinyi. Ilimpata mtu pekee aliyekuwa ananitetea.

Mmeniomba nirudi kwaya. Nimesikia. Nitawajibu siku nyingine, nikiwa tayari. Leo nilikuja kulisema kosa langu mbele ya watu, na nimelisema lote. Kipaza sauti nakiacha hapa juu ya meza. Nani mwingine ana la kwake?