Shemeji na Mafuta ya Gari

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mwenye duka la vitambaa alikuwa akimweleza fundi magari aliyeketi kando yake jinsi alivyomfukuza shemeji yake udereva kwa kunyonya na kuiba mafuta ya gari lake. "Sasa naendesha mwenyewe, na tangi bado linakauka! Leo limeniacha barabarani."

Fundi akauliza, "Taa ya injini inawaka?"

"Tangu shemeji yupo. Ilinikera, nikaibandika plasta."

Nikageukia dirishani, nisije nikacheka.

"Basi sensa ya oksijeni, kifaa cha kupima moshi wa injini, imekufa, mama. Injini haijui kipimo, inabugia mafuta tu. Shemeji hakukuambia?"

"Aliniambia. Lakini na mwizi angesema hivyo hivyo."

Basi likasimama. "Kituo changu hiki," mama akasema, wala hakunyanyuka.