Programu ya Jepkorir na Saa za Olenguruone

Benchi yetu iko mtaa wa Free Area, Nakuru, nje ya kibanda cha Rahab cha kahawa, na ukikaa hapo bila kubishana tunakushuku. Jumamosi moja ya 2007 tulikuwa na kesi ya Jepkorir. Alikuwa ametengenezea Jaspreet, mwenye malori ya maziwa, programu ya kusoma Excel ya makarani wa vituo vya maziwa na kuchapisha ratiba ya madereva. Sasa mahali pa saa, programu ilitoa 0.0833. Jaspreet alishamwambia: ratiba isiposomeka Jumatatu, kazi inapewa mtu mwingine. Msichana wa watu alikuwa karibu kulia na mimi roho iliniuma.

Ndung'u, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio ikakubali kufungika, alisema bila wasiwasi hiyo ni virusi. Nderitu, jina la benchi Wakili, alikataa katakata: hiyo ni saa ya Ulaya, kompyuta haijajua imefika Nakuru. Injinia akaongeza kwamba ni stima. Zikipotea, masaa yanakatika vipande.

— Umesema vipande? Jepkorir akauliza.

Akatueleza haraka haraka. Kwa kompyuta siku nzima ni moja, na saa ni kipande cha hiyo moja. Programu yake ilikuwa inasoma kipande kikiwa uchi, haijakivisha nguo ya saa. Akaandika mstari mmoja kwenye laptop yake, akabonyeza. Ikatoka 02:00.

— Si nilisema? Injinia akadai kahawa ya bure.

Tulipongezana mpaka Rahab akatucheka. Ndipo Kiplimo, dereva wa Jaspreet, akasimamisha lori anunue kahawa. Jepkorir akamwonyesha safari yake kwa madaha: Olenguruone, kuchukua maziwa, 02:00.

Kiplimo alisoma pole pole.

— Madam, saa nane usiku nani atakuwa amekamua?

Kumbe karani wa Olenguruone aliandika saa mbili asubuhi vile anaitamka: 2:00. Wakili, bado amejiamini, akasema si ni kuongeza masaa sita kwa zote tumalize maneno.

— Na kituo cha Bahati wameandika 8:00 kwa hiyo hiyo saa mbili, Kiplimo akasema. Hao pia utawaongezea?

Wakili akaanza kukoroga kikombe chenye hakina sukari. Jepkorir alifunga kompyuta, akapanda lori mbele.

— Twende kwa hao makarani, nikawaulize mmoja mmoja.