Alexander Mwasaru na Mawe Aliyoyabebea Lawama (1959–1998)

Marehemu Alexander Mwasaru alizaliwa Ronge tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu wa marehemu dada yangu. Kuhesabu nilimfundisha mimi, ingawa niliishia darasa la nne. Yeye alinipita, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1978.

Alimwoa Wakesho huko Mbololo mwaka wa 1984. Siku hiyo nilicheza kumshinda bwana harusi, na mashahidi wamo humu.

Mwaka wa 1996 aliajiriwa na watafiti waliokuwa wakichimba upande wa Maungu. Walitafuta mwamba wenye vitundu wa kuhifadhia moshi wa viwanda chini ya ardhi, na juu yake mwamba mgumu wa kuuziba usirudi. Mawe yaliyotolewa Alexander aliyapanga katika masanduku ya mbao, ghalani Voi, kwa kufuata kina.

"Mjomba, jiwe la mita mia mbili likikaa mahali pa mia tatu, kazi yote imekufa."

"Kumbe siku hizi wewe ni askari wa kokoto?" nikamjibu.

Julai 1997 aliniachia ufunguo wa ghala, akaenda kumzika baba mkwe. Nilitaka masanduku ya kupelekea nyanya sokoni. Nikayamwaga mawe, na nilipotoka sokoni nikayarudisha masandukuni kwa rangi, meupe kwa meupe, nikijisifu kwamba nimempangia vizuri zaidi.

Alexander aliporudi, Mhandisi Musyimi, mkuu wa watafiti, alipouliza nani amefanya hivi, nilikuwa nimesimama mlangoni. Alexander alinitazama.

"Ni mimi niliyekosea," akasema.

Alifutwa kazi siku hiyo, akarudi Ronge kulima. Watu walisema alikuwa amelewa. Nikacheka nao. Alexander hakuonja pombe maisha yake yote.

Aliugua nimonia tarehe 2 Mei mwaka huu, akafariki hospitalini Voi tarehe 9, saa nne asubuhi. Nilipoanza kumwomba msamaha kitandani, aliniuliza, "Lakini nyanya zilinunuliwa, Mjomba?" Nilishindwa kucheka.

Jumatano, kabla karatasi hii haijapigwa chapa, nilimsomea Wakesho. Akasema, "Soma yote. Na usianze kukohoa ukifika pale pako."

Ameacha mjane, Wakesho, na watoto wawili, Donald na Shanice. Wanangu, baba yenu hakuharibu kazi ya mtu. Mwenye neno kuhusu mawe yale aje kwangu. Alexander mwacheni apumzike.