Faili Kubwa la Fundi Mkanda

Wasikilizaji wapendwa, mliolala kaeni, na mliokaa acheni kutafuna. Redio ya shule leo inamkumbuka Fundi Mkanda, aliyetutoka Jumanne. Narudia, Jumanne.

Fundi alifanya kazi kituo cha televisheni miaka thelathini na moja. Kila Jumamosi alikuja kufundisha klabu yetu ya video, miwani miwili ikining'inia shingoni. Alihamisha mikanda ya zamani kwenye kompyuta. Kila mkanda ulizaa mafaili mawili: kubwa la kuhifadhi, na dogo lililobanwa lisile nafasi, la kutazama.

"Televisheni haziishi kubadili mifumo ya picha, wanangu," alisema. "Wakileta mpya, mnaanzia kwenye faili kubwa. Ukishabana, kilichotoka kwenye picha hakirudi."

Mkanda mmoja ulikuwa wa marehemu mkewe. Dakika sita, anamsuka binti yao. Picha yake nyingine inayotembea haipo. Mkanda wenyewe ulikuwa umeota ukungu, na ukakatika mara tu ulipohamishwa. Fundi alikuwa anangoja mfumo mpya wa picha, uliokuwa ukijaribiwa kazini kwake, ili amtoe mkewe upya kutoka faili kubwa, binti amwone mama vizuri.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nafika pabaya. Diski ya klabu ilijaa. Nami nilikuwa na video ya mwalimu wa nidhamu akisinzia kwenye mtihani: dakika arobaini, ubora wa juu kabisa, hadi vinyweleo vya pua unavihesabu. Mwalimu, kama unasikiliza, hiyo ni kesi nyingine. Ili ipate nafasi, nilifuta faili kubwa la mama yule. Narudia: nililifuta mimi. Nikajiambia, dogo si lipo?

Muhula mzima Fundi aliniuliza, "Mama watoto yupo salama?"

"Yupo, fundi."

Akanipa peremende. Nikala.

Msibani nilimweleza binti yake ukweli. Nilitarajia kofi, miwani yangu nilishavua kabisa. Akasema tu, "Nionyeshe lililobaki."

Nikamwekea kwenye simu. Kila mama akigeuza kichwa, uso ulikatika vijisanduku.

"Huyu ni mama au sakafu ya bafu?" aliuliza. Hakucheka. Hata mimi sikucheka, na mnanijua.

"Haya, shika simu hivyo hivyo," akaniambia.

Akaenda kinyumenyume, hatua kwa hatua, hadi mwisho wa korido. Kwa mbali, vijisanduku vikaungana.

"Hapa anaonekana," akasema.

Akasimama palepale dakika zote sita. Mkono uliniuma, sikuushusha.

Kwa familia ya Fundi: poleni sana, na mkiweza, mnisamehe. Nanyi mnaosikiliza mabwenini, leo kila mmoja atafakari alichomfutia mwenzake. Kisha amwendee, akamwambie wakati mwenzake angali anaweza kujibu.