Samadi Niliyoimwaga Barabarani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu ondoa hicho kitambaa puani, maana anayekufa ni mimi wala si wewe, na harufu inayokukera ni ya mikono iliyokulisha. Nisikilizeni pumzi ingalipo. Bustani hii nawaachia ninyi watatu, kuanzia kisimani hadi ukutani kwa baba yenu mdogo, haigawanywi wala haiuzwi. Lakini udongo wake umechoka kama mimi, na mkikosea mbolea msimu huu mtarithi uwanja wa vumbi.

Nimewasikia hapo mlangoni mkibishana ipi ni nafuu, mkanitia kichefuchefu kuliko hizi dawa. Wewe, mkubwa mzima, ulikimbilia kinyesi cha kuku kwa sababu mfugaji alikupa bure, ukakimwaga kibichi kwenye mashina ya nyanya, zikaungua zote kwa siku nne. Haraka haraka haina baraka, hukulisikia hilo? Na wewe binti yangu ukaniletea mfuko wa yule muuza pembejeo mwenye ulimi wa asali; nilipotia konzi moja kwenye kikombe cha maji, rangi ikatoka, ukabaki mchanga. Mchanga! Rahisi ghali, mwanangu, na mtu anayemuuzia mkulima mchanga, ptu, sina hata tusi la kumtosha.

Lakini anayenichukiza kuwapita wote ni huyu mzee mliyemlaza hapa. Miaka tisa iliyopita ng'ombe wa baba yenu mdogo alivunja uzio akala miche yangu ya kabichi, nikamtukana ndugu yangu mbele ya majirani. Kesho yake asubuhi nikakuta toroli langoni, limejaa samadi. Nikapiga kelele, ameniletea mavi, amenidharau! Nikaimwaga yote barabarani, naye akinitazama kutoka zizini. Ilikuwa imeiva, wanangu, nyeusi, inachambuka vidoleni, haina hata harufu. Samadi ya namna ile mtu huigeuza kwa koleo miezi na miezi. Alikuwa ananiomba radhi. Nililijua hilo palepale, nikiwa nayo mkononi, kiburi kikanifunga mdomo. Tangu siku hiyo yeye anaitupa korongoni, na mimi nanunua mifuko. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Sisi hatukupatana, akavuna muuza pembejeo. Najiona kinyaa.

Basi msinunue kitu. Chukueni toroli mwende kwa baba yenu mdogo, mumwamkie kwa adabu, na atakayesema ni kitinda mimba, maana ninyi wawili midomo yenu mmeirithi kwangu. Chukueni ya chini ya lundo la kule korongoni. Ingizeni mkono, bila glavu, mnanisikia? Ikiwa bado ina moto, iacheni ipoe. Tandazeni bustani nzima kabla ya mvua, halafu... nipeni maji kidogo... halafu mlime.

Mungu awape mikono isiyochagua kazi. Awape wepesi wa kusema nisamehe, mimi alininyima, au nilikataa mwenyewe... sijui. Akiwauliza nani kawatuma, msiseme baba ameagiza. Semeni kaka yako anaomba. Anaomba... semeni hivyo hivyo. Na akitaka kuja mwenyewe... mlango... uacheni wazi.