Sakafu ya Gathogo

Ouma, zima hiyo redio. Zima kabisa, usipunguze tu. Tangu asubuhi ni vyama vingi, chama kimoja, vyama vingi, chama kimoja, na mimi nina maneno yangu ambayo hayawezi kungoja wao wamalize. Aketch, niinue kidogo, niwekee ule mto mgongoni, hapana, si hivyo, unanikunja. Haya. Na wewe Wahu, mbona umesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia? Ingia, binti yangu, keti hapa kitandani, karibu na miguu yangu, maana mengi nitakayosema yanakuhusu na sitaki uje kuyasikia jikoni kutoka kwa majirani.

Daktari aliongea na Ouma pale nje akidhani mimi nimelala. Sikuwa nimelala. Alisema moyo umechoka, na hata asingesema ningejua, kwa sababu unapiga kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, unatangulia muziki, unasimama, halafu unakimbia kuufuata. Sipati namna ya kulala. Nikigeukia ukuta nataka dirisha, nikigeukia dirisha nataka ukuta. Kwa hiyo nivumilieni nikirukaruka, lakini msinikatize.

Mkinizika, nizikeni Ugenya, karibu na Jacktone, baba yenu. Hilo sitaki libishaniwe. Shamba la huko ni la Ouma, alilime, asilikodishe kwa watu wasiojua mpaka. Cherehani na vyombo vya nyumba hii ni vya Aketch. Gramafoni na santuri zote ni zenu nyote, na yeyote atakayeziacha kwenye jua nitamjia ndotoni.

Sasa ukumbi.

Ouma, najua umeshaongea na watu wa kanisa wanaotaka kuununua. Usimtazame Aketch, si yeye aliyeniambia. Walikuja wenyewe kupima madirisha, wakaingia hapa kunisalimia, wakaniombea vizuri sana, na walipokuwa wakitoka nikawasikia wakiulizana benchi zitakaa upande gani. Na wewe uliniambia juzi, "Mama, mji huu si kwetu. Watu wameanza kusema kila mtu atarudi alikotoka. Tuuze mapema, Wahu naye aende kwa watu wake Ainabkoi." Siku hiyo pumzi ilinikataa. Leo nitakujibu.

Ukumbi ule ulianza na baba yenu. Jacktone alijifunza walzi na tango Nairobi, katika kumbi za wafanyakazi wa reli, na alipohamishiwa Eldoret alinifundisha mimi jikoni, sufuria zimetolewa nje ili tupate nafasi. Alinunua kiwanja hiki cha Pioneer akisema atanijengea nyumba kubwa. Akafa kabla ya kununua hata bati moja. Mimi nikabaki na watoto wawili, kiwanja kitupu na miguu iliyojua kucheza, nikaanza kufundisha kwenye veranda ya duka la rafiki. Alikuja Mburu wa duka la mbegu na mkewe, watu ambao walikuwa wameacha kusemezana kabisa isipokuwa kupitia kwa watoto. Niliwafundisha walzi. Huwezi kucheza walzi na mtu bila kumshika, na ukishamshika lazima umwambie unaenda upande gani. Mke aliniambia siku moja, "Mwalimu, leo amenisemesha mpaka tumefika nyumbani." Siku hiyo nikajua hii ni kazi, si mchezo.

Halafu akaja Gathogo. Alikuwa mkulima wa viazi na pareto kutoka Ainabkoi, mjane kama mimi, na wewe Wahu ulikuwa umefungwa mgongoni mwake kwa shuka, kitu ambacho wanaume hawakufanya, na watu barabarani walicheka. Kwenye bega alikuwa na kodiani, kile kinanda cha kuvuta. Akasimama, akatazama darasa langu, akasema, "Mama, hizi zote ni nzuri, lakini zimetoka mbali. Mwomboko wetu Wakikuyu uko wapi?" Nikamwambia mimi siujui. Akasema, "Basi nifundishe tango na mimi nikufundishe mwomboko."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye ndiye aliyeleta mbao za ukumbi, mti wake mwenyewe, alioukata kwenye shamba lake na kuuleta kwa trekta ya jirani. Mimi nilitoa kiwanja, yeye akatandika sakafu, ubao kwa ubao, akiupiga randa mpaka ukateleza kama sabuni. Watu walikuja kutoka Chepkoilel, kutoka hospitali, kutoka viwandani. Tulifundisha walzi, tango, chacha na rumba, na vijana wakitaka twisti tuliwapa twisti. Gathogo akashika mwomboko. Mimi nikawaita akina mama wa ziwani wakafundisha dodo, ngoma yetu Wajaluo ya mabega na kiuno, na mwalimu mmoja Mnandi akaja na ngoma ya kwao ya kurukaruka mpaka tukaogopa mbao zitavunjika. Najua pia watu walisema nini juu yangu na Gathogo. Waache. Kilichokuwepo kilikuwa kati yetu sisi wawili na hakikumnyima mtu chakula chake.

Nipe maji. Kidogo tu. Aketch, fungua dirisha. Huo upepo ni wa mvua? Acha hivyo. Hapana, funga.

Ulikuwa ule mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya njano. Mwenyekiti wa chama wa tawi letu alikuja ukumbini na vijana wake, sisi tukiwa katikati ya darasa. Akaniuliza, "Mama, mna kibali cha kukutanisha watu wengi hivi?"

Nikamwambia, "Mheshimiwa, huu si mkutano. Ni darasa."

"Darasa la nini?"

Nikamtajia. Akazihesabu kwa vidole vyake. "Ya Wazungu, ya Zaire, ya Wakikuyu, ya Wajaluo. Na ya nchi iko wapi?" Hakungoja jibu. Akasema hizo nyingine zikome, wanafunzi wote wapangwe mstari mmoja, sare moja, mkono juu, mkono chini, wakacheze uwanjani kwenye sikukuu ya Oktoba mbele ya wageni. Tukikataa, ukumbi utafungwa.

Tuligombana siku hiyo, mimi na Gathogo, kama hatujawahi. Yeye alisema, "Mama Aketch, tucheze siku hiyo moja, tubaki na ukumbi wetu." Mimi nikasema siwezi kuwafundisha watu kuinua mkono kwa kuamriwa. Nikamwambia aende peke yake. Akaenda. Wahu, nawe ulikwenda naye, ulikuwa msichana tayari, ukachezea mstari wa mbele, na yaliyotokea uwanjani ni wewe uliyenieleza, kwa sababu mimi nilibaki nyumbani nikifua nguo zilizokuwa safi.

Walipanga mstari. Muziki ulitoka kwenye vipaza sauti. Halafu mvua iliyotukimbia mwaka mzima ikaamua kunyesha siku hiyo, ikamwagika kama imepasuliwa, na vipaza sauti vikafa. Wanafunzi wakabaki mikono juu, wamelowa, hakuna sauti. Wageni jukwaani wanatazama. Mwenyekiti akamwashiria Gathogo, aliyekuwa na kodiani yake begani kama kawaida, piga, piga chochote! Na Gathogo akapiga kile ambacho vidole vyake vilikijua kuliko vingine vyote. Akapiga mwomboko. Wanafunzi wetu, mngewalaumu kwa nini? Waliposikia tu, wakafanya tulivyowafundisha, mstari ukavunjika, kila mtu akamshika aliye karibu naye, nesi Mjaluo na muuza nyama Mkikuyu, mwalimu Mnandi na mke wa Mburu, hatua, hatua, wanainama, matope hadi magotini. Watu wakaruka ua wakaingia kucheza nao. Wahu aliniambia hata baadhi ya wageni jukwaani walikuwa wakitikisa vichwa kwa furaha. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekuwa amesimama tuli.

Walimchukua Gathogo asubuhi ya Jumatatu akiwa kwenye viazi vyake.

Ouma, sasa nisikilize wewe. Wakati huo ulikuwa umeandikwa kazi serikalini, mwezi haujaisha, na ulikuja hapa umekasirika ukasema, "Yule mzee wako ametuletea aibu, mimi sitaki kuonekana naye." Tangu siku hiyo hukumsalimia tena Gathogo, hata alipokuwa mgonjwa, hata tulipomzika Ainabkoi ulibaki kwenye gari. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu ungejua alichofanyiwa ungesema, na ungesema ungepoteza kazi, na siku hizo hata kuta zilikuwa na watu wake. Gathogo mwenyewe aliniomba. Alisema, "Mwache kijana afanye kazi."

Aliporudi, mkono wake wa kulia haukufunguka tena. Vidole vilikuwa vimekunjwa kama vya mtu anayeshika kikombe. Alikaa na mimi kwenye benchi la ukumbi, ukumbi umefungwa kwa kufuli lao, tumepita mlango wa nyuma, na ndipo akaniambia. Walikuwa wanamuuliza swali moja tu. Nani alikutuma upige wimbo ule? Walijua mimi nilikataa kwenda. Walikuwa wameshaandika moyoni mwao jina langu, walitaka tu alitamke. Akaniambia, "Wangeniachilia jioni ileile, Mama Aketch. Walitaka jina lako tu." Nikamuuliza, kwa nini hukulisema? Tulikuwa hata hatusemezani! Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. Akasema, "Watoto wangebaki na nani?"

Watoto, Ouma. Hakusema mtoto. Alikuwa na mmoja tu.

Usilie, acha nimalize, ukilia nitalia, na mimi sina pumzi ya kulia.

Tulifundisha sebuleni hapa, mapazia yamefungwa, gramafoni imefunikwa kwa blanketi, mpaka yule mwenyekiti alipoangushwa kwenye uchaguzi wa kupanga foleni na kufuli likasahaulika. Gathogo hakupiga kodiani tena. Aliimba kwa mdomo, akapiga goti kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi wakajifunza hivyohivyo. Kisha akafa, na Wahu akahamia hapa, akachukua darasa la baba yake, na sasa anafundisha yote, walzi, rumba, dodo pia, na akina mama wa ziwani wanasema anaicheza kama amezaliwa Ugenya.

Kwa hiyo hii ndiyo amri yangu. Ukumbi hauuzwi. Hati ina jina langu, lakini kiwanja ni cha Jacktone na sakafu ni ya Gathogo, na huwezi kumuuzia mtu kimoja ukakiacha kingine hewani. Utakuwa wenu watatu, sawasawa. Wahu ndiye mwalimu mkuu. Watu wakija kusema huyu arudi Ainabkoi, Ouma, wewe ndiye utakayesimama mlangoni, si Aketch, si mlinzi. Wewe. Nilishamweleza wakili, atawaita. Lakini karatasi ya wakili haimlindi mtu. Nataka nione.

Simama. Ndiyo, sasa hivi. Vua viatu. Wahu, nenda kwake. Aketch, imba ile ya mwomboko, imba taratibu, piga goti.

Mshike vizuri, Ouma. Yeye si sahani ya moto. Mshike dada yako.

Ndiyo... hivyo.

Mungu awape... subirini, moyo huu. Mungu awape miguu isiyochoka na nyumba isiyo na kufuli la mtu mwingine. Aketch, wewe upate wa kukusikiliza. Wahu, mkono wa baba yako ufunguke kwako. Ouma, mwanangu... sikukasirikii. Sikuwahi.

Endeleeni. Msisimame, mimi niko. Hatua, hatua... inama. Aketch, usinyamaze.

Usiangalie miguu, Ouma. Miguu inajua. Mwangalie yeye.

Mwangalie...