Picha ya Taiwo na Kehinde

Wasikilizaji wapendwa, mliokaa kwenye vitanda vya kufumia na mlio jikoni mnasonga amala, salamu zenu. Leo tunamkumbuka Sabitu Oyekanmi. Baba Foto. Mpiga picha wetu wa hapa Iseyin. Amefariki Alhamisi, nyumbani kwake. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Baba Foto ametutoka, Alhamisi, nyumbani kwake.

Marehemu hasemwi vibaya, lakini hasingiziwi pia. Mzee huyu alikuwa mtu wa kushuku. Alishuku mizani ya muuza nyama. Alishuku mawingu. Ukimsalimia mara mbili kwa siku, anakuuliza unataka nini. Na sisi tulimshuku vilevile, kwa hiyo hakuna aliyemdai mwenzake.

Alianza na kamera ndogo, ile ya kuning'iniza shingoni. Harusi, akika, sherehe za machifu. Kisha akaitamani kamera kubwa. Akaenda Ibadan, akanunua moja kwa mjane wa mpiga picha. Sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na filamu yake pana kama kiganja kilichokunjuliwa. Akajifunika kitambaa cheusi, akachungulia kwenye kioo cha nyuma, akatoka amenuna.

"Mama, umeniuzia kitu kibovu. Watu wote humu wamesimama kwa vichwa."

Mjane alikuwa anachambua mboga, hakuinua hata macho. "Mume wangu aliwaona hivyohivyo, na akanijengea nyumba hii. Ukitaka wasimame kwa miguu, toa kichwa chako kwenye kitambaa."

Akaichukua, lakini roho yake haikutulia. Mkewe, Mama Sidikatu, ametuambia hivi: "Filamu zile huingizwa kwenye kibweta chembamba cha kamera gizani, kwa kupapasa. Basi anajifungia chumbani, tundu la ufunguo ameziba kwa pamba. Filamu za mwanzo zote zilitoka nyeusi tii. Ananiuliza, nani kafungua mlango? Namwambia hakuna. Ananitazama weee. Mwanangu, karibu niachike kwa sababu ya mwanga."

Na majirani nao wakaanza yao. Mtu mzima anajifunika kitambaa cheusi mchana kweupe. Anakaa chumbani na taa nyekundu. Ana anachokifuga mle, wakasema.

Ndipo akaja Asabi. Huyu alikuwa mfumaji, mama wa mapacha, Taiwo na Kehinde. Wenzetu wengine wangewaita Kulwa na Doto. Kehinde alichukuliwa na surua kabla hajatimiza miaka mitatu. Akabaki Taiwo. Na kwetu pacha aliyebaki haachwi peke yake, maana aliyekwenda atarudi kumwita. Zamani angechongewa sanamu ya mti ya mwenzake. Mume wa Asabi, Alfa Rafiu, mwalimu wa Kurani, alikataa sanamu, akasema picha inatosha. Wale watoto hawakuwahi kupigwa picha pamoja. Kwa hiyo Taiwo apigwe mara mbili, mara moja kwa nafsi yake na mara moja kwa nduguye, wakae bega kwa bega kwenye picha moja.

"Umewahi kuipiga picha ya namna hii?" Asabi akauliza.

"Mama, mkalishe mtoto," akajibu Baba Foto.

Hakuwahi. Alikuwa ameisikia tu. Unafunika nusu ya filamu kwa kadi nyeusi, unapiga. Unamhamisha mtoto, unahamisha kadi, unapiga tena juu ya filamu ileile. Ileile, wasikilizaji, hapo ndipo pana kazi. Kile kibweta kina filamu mbili, moja kila upande, na mpiga picha akishapiga hukigeuza. Mkono umeshazoea. Baba Foto akapiga, akamhamisha mtoto, na mkono wake ukageuza kibweta bila kumuuliza.

Kwenye taa nyekundu akaliona kosa. Filamu mbili, kila moja ina mtoto mmoja na nusu tupu. Angesema. Hakusema. Akaziunganisha kwenye karatasi moja, na katikati ukabaki mstari mweupe.

Asabi akaishika ile picha. "Kuna ukuta kati ya wanangu."

"Ukuta gani, mama? Ni mstari tu. Hata Lagos wanafanya hivyo."

"Baba Foto, mimi nafuma nguo. Mstari hauji wenyewe. Unawekwa."

Wiki hiyohiyo Taiwo akashikwa na homa. Mji mzima ukapata jibu lake: Baba Foto amewatenga mapacha, Kehinde amekasirika, anamwita mwenzake. Alfa Rafiu akaja mlangoni na ndugu zake. Wakataka lile sanduku livunjwe, mtoto aliyefungiwa humo atoke.

Baba Foto akasimama mbele yao, jasho linamtoka. Kisha akafanya jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kufanyiwa. Akafungua mlango wa chumba cha giza. "Aingie Asabi," akasema. "Nyinyi wengine siwaamini."

Humo ndani akamwonyesha filamu zote mbili. "Niligeuza kibweta kwa mazoea, halafu nikakudanganya. Sikuwa nimewahi kuipiga picha hii."

Asabi akazitazama zote mbili. "Mwanangu akipona, utarudia. Na mimi nitakuwa hapa, nakuangalia."

Homa ikashuka. Mama na mtoto wakarudi. Asabi akajifunika kitambaa mwenyewe. "Mbona yuko kichwa chini?"

"Wote huwa hivyo humo. Hata mfalme."

Asabi akaushika mkono wa Baba Foto juu ya kibweta, akakaza. "Usigeuze."

"Sijageuza."

"Mkono wako unataka kugeuza. Nauona."

Kisha akamwambia Taiwo, "Mpe mwenzako mkono." Mtoto akaunyoosha kuelekea kigoda kitupu. Baba Foto akapiga. Wakamhamisha kwenye kigoda kile, akaunyoosha tena, upande aliotoka, akapigwa mara ya pili.

Picha ikatoka. Hakuna mstari. Watoto wawili wameshikana mikono, vidole vimepitana kidogo. Asabi akalia mpaka akakaa chini. Akafuta macho, akamuuliza, "Umeweka nini humu?"

"Nitaweka nini, mama? Si ulikuwa umenishika mkono?"

Taiwo yupo, wasikilizaji. Ni babu sasa. Jana makaburini alisema maneno haya: "Nilimuuliza Baba Foto, kati ya hawa wawili mimi ni yupi? Akaniambia, muulize mama yako. Nikamuuliza mama, akaniambia, muulize Baba Foto. Nilishuku kwamba wamepatana. Mama akafa. Nikaenda tena kwa mzee, mwezi uliopita, nikamsihi. Akasema, nikikuambia, mmoja wenu atakufa. Sasa sina wa kumuuliza. Basi wote wawili ni wangu."

Mama Sidikatu, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu amlaze Baba Foto mahali pema. Taiwo, pole nawe, maana msiba huu ni wako pia.

Na wewe unayenisikiliza, inuka uangalie ukutani kwako. Kuna uso pale hujui ni wa nani, na anayejua bado yu hai. Nenda kamuulize. Akikataa kukuambia, kaa naye hata hivyo.